Chupa Sita Kutoka Ondiri Hadi Sabaki

Jumapili, Kikuyu

Nimeishi Nairobi miaka 22 na karibu kila siku navuka mto Nairobi nikiwa nimefunga dirisha la matatu. Juzi nikasema basi, niufuate. Nimenunua chupa sita za maji za nusu lita, nikazimaliza, nikazikausha na kuzibandika plasta ya hospitali ili niandike kwa kalamu jina la mahali nitakapochota. Safari inaanza Ondiri, kaunti ya Kiambu, dakika chache kwa miguu kutoka mjini Kikuyu. Itaishia Sabaki, kaskazini ya Malindi, mahali ambapo maji haya huingia baharini yakiwa yamebadilisha jina mara tatu: Nairobi, Athi, Galana, kisha Sabaki.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu. Hapa vijana wote wanamwita Guka, nami nikafuata. Amevaa gambuti na kofia ya sufu, maana ukungu wa Agosti haujainuka. Tulipofika katikati ya matete akasimama. "Ruka," akaniambia. Nikaruka kidogo, kwa haya. Hatua tatu mbele yangu matete yakaitikia kwa vichwa. Akacheka. Tulikuwa tumesimama juu ya mkeka wa mizizi na mboji uliolalia maji, kinamasi kinachoelea. Wanasema hapa nchini hakuna kingine cha namna yake. Chupa ya kwanza ilitoka na maji yenye rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, rangi ya majani yaliyooza kwa heshima zao. Haina harufu.

Guka na wenzake wamepanda mianzi na miti ya kienyeji ukingoni, wamefukuza wanaomwaga taka usiku. Nikamuuliza serikali iko wapi. "Ipi?" akaniuliza. Akanihesabia kwa vidole: kibali cha kuvuta maji hutoka kwa mamlaka ya kitaifa ya rasilimali za maji, mwenye kuchafua anashughulikiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ni ya kitaifa, mitaro ya mji na taka ni za kaunti, halafu yuko chifu, ambaye ni wa Rais. "Mtu akiwasha jenereta usiku avute maji, nina namba nne za kupiga. Wote ni watu wazuri. Kila mmoja huniambia nimpigie mwenzake."

Jumatatu, Kawangware hadi Museum Hill

Nimeteremka na mto kwa miguu pale panapopitika, na kwa boda pale pasipopitika. Mahali pengi mto huku juu ni upana wa kuruka. Nguruwe, mabanda ya kuosha magari, mashamba ya nduma, bomba la plastiki linalotoka nyuma ya ukuta na kudondosha kitu cha kijivu. Sikuandika mengi. Uchafu wa hapa ni wa watu wasio na mahali pengine pa kuupeleka, na nimechoka kusoma makala zinazowashangaa.

Chupa ya pili nimejaza karibu na Bustani ya Michuki, chini ya Museum Hill. Rangi ni ya chai ya maziwa iliyopoa, na juu yake kuna utando wa oili unaocheza rangi za upinde wa mvua. Nilidhani ni oili ya Grogan, mtaa wa gereji, ila Grogan iko mbele kidogo na maji hayapandi mlima. Kwa hiyo ya nani? Gereji ziko hata juu.

Bustani hii ina historia ya kisiasa ambayo vijana wanaopigia picha harusi zao hapa pengine hawaijui. John Michuki, yule wa mikanda na vidhibiti mwendo vya matatu mwaka 2004, alipopewa wizara ya mazingira mwaka 2008 aliufanya mto huu kazi yake. Mafundi na wachuuzi waliondolewa kwa nguvu, takataka zikazolewa, miti ikapandwa. Kwa muda mfupi watu waliona maji yakiwa maji. Alifariki Februari 2012. Mwaka uliofuata zikaja kaunti, na kila ofisi ikaanza kuuliza mwenye kazi ni nani. Shida ya kusafisha mto kwa woga wa kumwogopa mtu mmoja ni kwamba siku akizikwa, kesho yake asubuhi mtu fulani hurudisha pipa lake la oili pale pale.

Na hapa mjini ndipo yalipo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, huko Gigiri. Siku za mikutano mikubwa wajumbe wa dunia nzima hupita juu ya mto huu kwa magari yenye viyoyozi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga dirisha.

Jumanne, Gikomba, Korogocho, Dandora

Siku ndefu. Naiandika nikiwa kitandani, nimeoga mara mbili.

Korogocho nimewakuta vijana wa Climate WorX, mradi wa serikali kuu uliozinduliwa Oktoba 2024. Wako kwenye mstari, reki, makoleo na toroli, wanavua nguo kuukuu kutoka kwenye tope. Vipande vya mitumba vya soko la Gikomba hujisokota na nailoni na nywele bandia mpaka viwe kamba nene kama mkono. Kuing'oa kamba moja kunahitaji watu watatu. Nimewatazama wakiing'oa moja. Ilikuja ikiwa na kiatu cha mtoto, waya, na suruali ya shule ambayo bado ilikuwa imefungwa vifungo.

Walichokitoa kimerundikwa ukingoni. Marundo ya kimo cha mita moja na nusu, mengine yameota majani. Nikamuuliza msimamizi wao mbona hayaondolewi. "Sisi kazi yetu ni kutoa mtoni. Lori si letu." Mvua ikinyesha? Alitazama mbingu, akatabasamu. Kwa Climate WorX kijana anapata kitu cha kupeleka nyumbani, na hilo si dogo Korogocho; lakini hesabu ya kazi hiyo inafungwa kwenye ofisi moja na hesabu ya lori iko kwenye ofisi nyingine, na kati ya ofisi hizo mbili kuna rundo lenye majani.

Ukitaka kuelewa kwa nini, anza na Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti kuzoa taka, majaa na kazi za aina hiyo; sera ya mazingira na ulinzi wa maji imebaki juu. Kifungu cha 189 kinaamuru ngazi hizi mbili zishirikiane. Kuamuru kushirikiana ni rahisi. Februari 2020 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini Ikulu hati ya kukabidhi baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali kuu, zikaenda kwa NMS, idara mpya ya serikali kuu ya kuhudumia jiji, chini ya jenerali wa jeshi, Mohamed Badi. Septemba 2022 NMS ikafika mwisho, kazi zikarudi City Hall, yaani kwa kaunti. Desemba mwaka huo Rais akaunda Tume ya Mito ya Nairobi. Mzoa taka wa Dandora ambaye hajahama banda lake amebadilishiwa mkubwa wa juu mara tatu.

Halafu kuna tukio la Februari 2025 ambalo kila mtu Nairobi analikumbuka na kulicheka. Kampuni ya umeme, ambayo serikali ina hisa nyingi ndani yake, iliikatia kaunti stima kwa sababu ya deni. Kaunti ikasema nayo inadai. Asubuhi moja malori ya taka ya kaunti yakafika Stima Plaza, makao ya kampuni hiyo, na kumwaga mzigo langoni. Nilicheka na mimi. Leo nikiwa Dandora sikuona tena cha kuchekesha. Siku ile malori yalipatikana.

Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Limeendelea kujaa. Ni kilima sasa, chenye barabara za tipa, moshi usio na moto unaoonekana, na makorongo waliosimama kama mawakili wanaongoja kesi. Upande mmoja unateremka moja kwa moja hadi mtoni. Mwaka 2007 utafiti ulioagizwa na UNEP ulipima watoto 328 wa hapa jirani. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita viwango vinavyokubalika kimataifa. Julai 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru jaa lihamishwe katika miezi sita. Kulihamishia Ruai kulikuwa kumepingwa zamani na watu wa viwanja vya ndege, kwa hofu ya ndege hawa hawa wenye mabawa kugongana na zile za chuma. Nimehesabu miezi kwa vidole hadi vidole vikaisha.

Kuna jambo jingine ambalo hukumu hazisemi. Jaa hili ni mwajiri. Nimeketi na mama mmoja anayepanga chupa kwa rangi: nyeupe huku, kijani huku, kahawia gunia la tatu. Amesomesha wanne. Nikamuuliza, mama, wakilihamisha? "Nitahama nalo," akajibu bila kuinua macho. Diwani wa hapa, au tuseme mwakilishi wa wadi, hawezi kusimama jukwaani akasema litaondoka, na hawezi kusema litabaki. Kwa hiyo husema "tutaliboresha". Nilipotoa chupa yangu ya tatu mfukoni, yule mama akaitazama kwa jicho la kitaalamu. "Hiyo unauza?"

Nilichota chini ya daraja. Nyeusi. Nimefunga kifuniko, nikazungushia plasta mara nne.

Jumatano, Ruai na Fourteen Falls

Nimeamka nikakuta chupa ya Dandora imevimba. Ubavu umetuna, kitako kimetoka nje, ikiguswa ni ngumu kama mpira. Ndani bado kuna viumbe vinakula na kupumua. Nimeifungua dirishani polepole, ikatoa pumzi ndefu, na mtu wa ghorofa ya juu akafunga dirisha lake.

Ruai nimepita tu. Mabwawa ya kusafisha maji taka ni makubwa hivi kwamba ukiyaona kwa mbali unadhani ni ziwa. Sehemu ya maji taka ya jiji hufika huku kwa bomba. Iliyobaki hufika kwa mto.

Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk. Mto Nairobi umeshaingia Athi kabla ya kufika hapa. Ng'ambo moja ni Machakos, nyingine Kiambu. Maporomoko yenyewe ni mazuri, yasikieni kwa kelele tu. Povu jeupe linakusanyika chini ya miamba, vipande vya ukubwa wa mbwa vinainuka na upepo na kupaa juu ya maji. Kijana mwenye mashua anayevusha wageni akanieleza kalenda yao: "Jumatatu na Jumanne linazidi. Tunajua wikendi watu wa Nairobi wamefua." Sina jinsi ya kuthibitisha hilo, ila nimelipenda. Chupa ya nne.

Alhamisi, Makueni

Nimelala Wote, nikachukua boda mapema kuelekea Athi. Vumbi jekundu, michongoma, mbuzi waliosimama kwa miguu miwili kula majani ya juu. Halafu ghafla kijani: sukuma wiki, nyanya, pilipili hoho, na pampu ndogo ya petroli ikivuta maji kutoka mtoni.

Mwenye shamba ni mama wa makamo ambaye dereva wa boda alimwamkia "mwaitu", nami nikaiga kwa lafudhi mbovu. Aliniruhusu nichote chupa ya tano kwenye bomba lake lenyewe. Kahawia, tope linatua chini baada ya dakika chache, na juu pakabaki pasafi kuliko nilivyotarajia. Lakini si kila kitu hutua. Risasi na wenzake hawaonekani kwa macho, na povu halihitaji kuwepo ili sabuni iwepo.

"Mboga zinaenda wapi, mwaitu?"

"Soko la Wote. Zikiwa nyingi, lori linazipeleka Nairobi."

Akaendelea kupalilia. Nilikuwa bado natafuta la kusema.

Si mbali na hapa, Thwake unapoingia Athi, bwawa kubwa limekuwa likijengwa tangu 2018 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: ukuta wa mita 80 na nusu, maji meta za ujazo milioni 688. Limekusudiwa kunywesha, kumwagilia na kutoa umeme. Ukifunga maji yanayokwenda, kila kilichomo hukaa. Kwa hiyo afya ya bwawa la Makueni na Kitui inategemea lori la Korogocho, na gavana wa Makueni hana mamlaka juu ya toroli hata moja ya Korogocho. Uchungu wa hapa nimeuelewa. Hii ndiyo kaunti iliyojijengea jina kwa mikutano ya wananchi kuanzia kijijini, ambapo watu huketi chini ya mti kuamua kama fedha ziende kwenye zahanati au kwenye kisima. Wameamua mengi. Ubora wa maji yanayowafikia huamuliwa na watu ambao hawajawahi kuketi chini ya mti huo.

Mwaitu ana maoni yake: "Wabunge wetu na wao wa Nairobi wanakula chakula cha mchana pamoja pale Bunge. Wasemezane hapo hapo."

Ijumaa, barabarani

Basi kutoka Makindu. Mtito Andei chai na mahamri yaliyolala. Athi iko mahali fulani mkono wa kushoto, ndani ya Tsavo, inakutana na mto Tsavo na kuwa Galana. Mbugani sikuingia; hela haitoshi na viboko hawahojiwi. Hakuna chupa.

Giza limeingia tukikaribia Changamwe. Hapa kando ya barabara ndipo ulipo mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 na kuwatilia watu risasi kwenye damu, watoto kwanza. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mtoto wake akaugua, aliongoza kesi. Ninaikumbuka hukumu ya Julai 2020 kwa sababu ya hesabu yake: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikagawanywa kwa asilimia. NEMA 40. Wizara ya mazingira 10. Wizara ya afya 10. Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje 10. Kampuni mbili zikabaki na 30. Tena kuna agizo la kusafisha udongo wa mtaa. Rufaa ikayumbisha fidia mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Nimekuwa nikiwaza tangu Kikuyu kuhusu zile namba nne za Guka. Hapa angalau jaji alizipiga zote kwa mpigo na kuambia kila moja sehemu yake. Lakini ilibidi watu wafe kwanza, na kesi ichukue miaka. Na udongo haujui asilimia. Ukishaamuliwa usafishwe, ni lazima mtu mmoja ashike koleo.

Jumamosi, Malindi

Matatu kutoka Mombasa. Nimelala mchana kutwa. Jioni nimekunywa maji ya bomba kwenye mkahawa, halafu nikakumbuka yanakotoka: visima vya Baricho, kwenye mchanga wa Sabaki, ndivyo vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mchanga huchuja vizuri sana. Nikamaliza glasi, ila taratibu.

Jumapili, Sabaki

Mdomo wa mto ni mpana, maji hayana haraka tena. Nimemkuta mzee wa makamo ya sabini akitengeneza nyavu. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu. Akanieleza uchafu kwa upepo: "Saa hizi ni kusi, tope linakwenda Mambrui. Kaskazi ikivuma litarudi Malindi, hoteli zianze kulia." Kila msimu una upande wake wa kulalamika, na upande mwingine hunyamaza. Nikaona siasa yote ya mto kwenye sentensi hiyo.

Nilimwambia nimetoka nao Nairobi. Hakushangaa, mto huwaletea salamu kila mvua: mti mzima, ndara moja moja, maboya ya chupa, mara moja mlango wa friji. Mengi anayoyaita tope ni udongo wa Ukambani. Wanasayansi waliopima matumbawe ya Malindi wanaona udongo huo ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, mashamba yalipoanza kulimwa kwenye miteremko chini ya ukoloni. Kwa hiyo hata hii si habari ya serikali moja wala mbili.

"Na hao wakubwa wanakuja huku?" nikamuuliza.

"Huja kupanda mikoko. Wanapiga picha, wanaondoka. Mikoko mingine imeshika." Alisema la mwisho kwa haki, maana ilikuwa kweli, nimeiona, mistari miwili ya kijani kibichi kwenye tope.

Chupa ya sita nimejaza nikiwa nimesimama kwenye maji hadi magotini. Hafifu, ya kahawia, nikaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi kidogo. Nimezipanga zote sita ukutani kwa mzee. Alizitazama moja moja, akainua ile ya Dandora, iliyokuwa imevimba tena, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua dafu, akairudisha mahali pake.

Jioni, stendi ya mabasi. Mpakizi mizigo alinusa begi langu akakunja uso.

"Umebeba nini humu, samaki?"

"Maji tu. Ya mto Nairobi."

"Na unayapeleka wapi?"

"Nairobi."

Akanirudishia begi mikononi. "Haya hayaingii kwenye buti. Kaa nayo mwenyewe."

Nimepata kiti cha dirishani. Begi liko miguuni, na tangu tuvuke Kilifi nimeifungua chupa ya tatu mara mbili kuitoa pumzi. Kijana niliyekaa naye amehamia nyuma.